Mhasibu anayehamia kwenye programu: Python au Java?

Kabla ya kuingia kwenye ubishi wa mashabiki wa lugha hizi za programu, kusanya matangazo 20 ya nafasi za mafunzo kwa vitendo katika mji wako, uweke alama kila lugha inapotajwa. Chukua inayoongoza. SQL, lugha ya kuulizia data kwenye hifadhidata, jifunze kwa vyovyote vile.

Mradi wa kuonyesha uchote kwenye kazi yako ya zamani. Mhasibu aandike programu ya kulinganisha taarifa ya benki na daftari la mauzo, si kikokotoo ambacho kila mwombaji anacho. Hapo wengi huteleza kwenye pesa: 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004 katika Python, Java na JavaScript pia (mashabiki wote kimya!), kwa kuwa kompyuta huhifadhi desimali kwa 0 na 1, na sehemu ya kumi haiandikiki kamili humo. Kwa desimali kamili Java ina BigDecimal, Python ina Decimal, ila andika Decimal("0.1") na alama zake za nukuu, ukiziacha, kosa linaingia vilevile. Kwenye JavaScript piga hesabu kwa senti, namba nzima.

Nywila ya hifadhidata usiipandishe GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo. Kuifuta baadaye hakutoshi, hubaki kwenye historia ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la msimbo. Badilisha nywila yenyewe.