Somo: Kusajili chama cha wanafunzi wa uzamili na uzamivu chuoni

Somo hili ni la wenzetu walioko vyuo vikuu vya Tanzania. Vyama vingi vya wanafunzi wa shahada za juu hufa siku waanzilishi wanapovaa joho. Mwaka wa kwanza wa uzamili mko darasani pamoja. Wa pili, mmoja yuko Kigoma anakusanya data, mwingine karudi kwa mwajiri wake Dodoma, mwingine kazama kwenye tasnifu. Basi katika kila hatua jiulizeni: hawa wakiondoka, nani atashika?

Hatua ya 1: Watu. Kusanyeni waanzilishi wa miaka tofauti, na msikose wa uzamivu, maana wao hukaa chuoni muda mrefu zaidi. Ningewapa ukatibu na uweka hazina, kazi zinazotaka kumbukumbu. Uenyekiti mwachieni yeyote mwenye ari.

Hatua ya 2: Mlezi. Mwombeni mhadhiri wa idara yenu, kwa barua. Mhadhiri anayepatikana ofisini ni bora kuliko profesa mkubwa anayesafiri kila mwezi.

Hatua ya 3: Katiba. Hapa msiharakishe. Wengi hunakili katiba ya chama cha shahada ya kwanza, na akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama ili mkutano uwe halali, ndiyo inayowaua. Mkiwa wanachama 40 na katiba ikadai theluthi mbili, mnahitaji watu 27 ukumbini. Kwa wanafunzi walio uwandani na wa programu za jioni, hamtawapata. Wekeni theluthi moja, yaani 14, na mruhusu kuhudhuria kwa njia ya mtandao. Uchaguzi ufanyike mapema, kabla viongozi hawajaenda kwenye utafiti, kisha wapya na wa zamani wafanye kazi pamoja kwa muda. Andikeni pia kwamba kiongozi anayemaliza hukabidhi nyaraka, nywila na mali kwa maandishi, mbele ya mlezi. Kipengele hicho kimoja kina thamani kuliko kurasa tatu za malengo.

Hatua ya 4: Mkutano wa waanzilishi. Pitisheni katiba, chagueni viongozi wa muda, andikeni muhtasari. Orodha ya wanachama iwe na jina, namba ya usajili, programu na saini. Msikusanye taarifa msizozihitaji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha hiyo haifai kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Hatua ya 5: Maombi. Barua, katiba, muhtasari, orodha na barua ya mlezi kukubali, vyote vipelekwe Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ulizeni kwanza kama wana fomu yao, maana kila chuo kina utaratibu wake. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 6: Fedha. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja wao wa uzamivu. Michango isipitie simu ya mtu binafsi hata kwa wiki moja.

Maswali ya wanachama

*Kaka, je, twende pia kwa Msajili wa Jumuiya?*
Hapana, dada, kama shughuli zenu ni za ndani ya chuo na chuo ndicho kinachowatambua. Mkitaka kuchukua wahitimu na watu wa nje, na kusimama wenyewe, hapo mnaingia kwenye Sheria ya Jumuiya, Sura 337, na Msajili yuko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

*Sisi tuko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. DARUSO, jumuiya ya wanafunzi wa chuo, ipo; chama kingine cha nini?*
DARUSO ni ya wanafunzi wote, inabeba mambo ya wote. Chama chenu kinabeba ya kwenu: kusomeana mapendekezo ya utafiti, kufanya mazoezi ya kutetea tasnifu, kumsaidia mwenzenu ambaye msimamizi wake hajibu. Waarifuni viongozi wa DARUSO mapema ili msionekane mnashindana nao.

*Mweka hazina wetu amehitimu, yuko Mwanza, na fedha ziko benki. Tufanyeje?*
Poleni. Itisheni mkutano, mchague mwingine, muhtasari utaje kwa majina anayetoka na anayeingia. Mwombeni Mshauri wa Wanafunzi barua ya kuwatambulisha watia saini wapya, kisha mwende navyo kwenye tawi lenu. Mpigieni na huyo ndugu simu kwa heshima. Benki ikidai saini yake, mtamhitaji.