Somo: Namna ya kumpima mpigaji bora wa besiboli

Ubora wa mpigaji hupimwa kwanza kwa ugumu wa kumtoa, yaani kuimaliza zamu yake kabla hajafika besi, kisha kwa idadi ya besi (vituo vinne ambavyo mchezaji huvikimbilia ili kupata alama) anazozipata kila anapoupiga mpira. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu anayeanzia kwenye mipira iliyovuka uzio huwakosa wapigaji wengi wakubwa.

Hatua ya 1: Tazama anafika besi mara ngapi. Katika mchezo wa kawaida wa awamu tisa, timu ina nafasi 27 tu za kutolewa, na kila mpigaji anayetolewa hupunguza hazina hiyo. Wastani wa kupiga, yaani mapigo salama (yanayomfikisha besi) yaliyogawanywa kwa zamu rasmi, hautoshi hapa, kwa kuwa hauhesabu besi ya bure anayopewa mpigaji aliyeiacha mipira minne mibaya ipite. Msimu wa 1941 Ted Williams wa Boston Red Sox alipata wastani wa 0.406, nao ndio unaotajwa siku zote. Mimi naona kubwa zaidi ni kwamba alifika besi katika zaidi ya nusu ya zamu zake, akapewa besi za bure zaidi ya 140 na kutolewa kwa straiki (mipira mitatu aliyoikosa, au aliyoiacha ingawa ilikuwa mizuri) mara 27 tu. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwake, na mpira wa kilomita 150 kwa saa hufika kabla ya nusu sekunde kwisha, hivyo jicho linaloweza kuukataa mpira mbaya kwa muda huo ni kipaji kamili.

Hatua ya 2: Pima nguvu. Jumlisha besi alizozipata kwa mapigo yake, kisha gawanya kwa zamu zake rasmi za kupiga, ambazo hazihesabu besi za bure. Tangu takwimu za Negro Leagues, ligi za wachezaji weusi za enzi ya ubaguzi Marekani, zilipounganishwa na za ligi kuu mwaka 2024, Josh Gibson anaongoza kwa 0.718 na Babe Ruth anamfuata kwa 0.690.

Hatua ya 3: Mlinganishe na wa wakati wake. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliongoza American League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, kwa wastani wa kupiga wa 0.301 tu, kwa sababu warushaji walitawala mno, hata kimo cha tuta wanalorushia kikapunguzwa kutoka inchi 15 hadi 10 mwaka uliofuata. Uwanja nao huhesabiwa: katika hewa nyepesi ya Denver, mji wa Marekani ulio kwenye mwinuko mkubwa, mpira husafiri mbali zaidi.

Maswali ya wanachama

*Ichiro Suzuki alipata mapigo salama 262 mwaka 2004. Je, hakuwa mpigaji bora wa mwaka huo?*
Rekodi hiyo ni ya kuheshimiwa sana, lakini mapigo 225 kati ya hayo yalikuwa ya besi moja, na alifika besi katika takriban asilimia 41 ya zamu zake. Mwaka huohuo Barry Bonds, kwa mapigo salama 135 tu, alikaribia asilimia 61, kwa kuwa alipewa besi za bure 232. Tuhuma za dawa za kuongeza nguvu zinazomwandama Bonds ni nzito, nami sizipuuzi. Hapa nazungumzia hesabu peke yake.

*Anayetolewa kwa straiki mara nyingi anaweza kuwa mkubwa?*
Anaweza, ikiwa besi anazozipata zinafidia. Kutolewa kwa straiki ni kutolewa kumoja tu, sawa na mpira uliodakwa.

*Mbona hukutaja mikimbio anayoiingiza, yaani alama ambazo timu hupata kwa mapigo yake?*
Kwa sababu inategemea wenzake waliomtangulia kuwa tayari kwenye besi.