Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Marehemu Aliyekuwa Mkutubi wa Tiba na Mwanamaji wa Akiba

Mama mkwe wangu alipofariki, familia ilinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake: mmoja wa Kiingereza utakaosomwa kwenye ibada huko Maryland, na mwingine wa Kiswahili kwa ajili ya ndugu zetu wa Tanga, ambao walimfahamu kwa miaka mingi kama bibi wa watoto wangu bila kujua hasa alikuwa akifanya kazi gani. Alikuwa mkutubi wa hospitali kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyohiyo alikuwa ofisa wa akiba katika Jeshi la Wanamaji la Marekani. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayepewa jukumu kama hilo, kwa sababu kazi hizi mbili zinamsumbua mwandishi kwa namna moja: zote hufanyika mahali ambapo familia haioni. Mume wangu, ambaye ni mwanawe wa kumzaa, alijua tu kwamba mama yuko maktaba, na kwamba wikendi moja ya kila mwezi huondoka alfajiri akiwa na begi lenye sare iliyopigwa pasi tangu Ijumaa jioni.

Kwa hiyo usianze na vyeti. Anza na watu waliopokea huduma yake, tena uwatafute mapema, kabla ya msiba kutulia na kila mtu kurudi kwake. Piga simu hospitalini uulize wauguzi wa zamani, madaktari waliostaafu, na hasa wale waliokuwa madaktari wanagenzi wakati wake, maana hao ndio waliokuwa wakimkimbilia zaidi. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, kwani watakujibu kwamba alikuwa mpole na mchapakazi, na maneno hayo yamo katika kila wasifu uliowahi kusomwa. Waulize swali moja tu: ni jambo gani ulilowahi kumtuma akutafutie, na alipokuletea ulilifanyia nini?

Ili uelewe watakayokujibu, inakupasa kujua kidogo jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Makala za utafiti wa tiba zilikuwa zikiorodheshwa katika Index Medicus, faharasa iliyoanzishwa mwaka 1879 na John Shaw Billings, na mkutubi wa kizazi cha mama mkwe wangu alifundishwa kuipekua kwa mkono, juzuu baada ya juzuu. Mwaka 1971 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, ilifungua MEDLINE, yaani utafutaji wa makala kwa kompyuta kupitia laini ya simu. Haikuwa kama leo ambapo mtu huandika neno lolote akapata jibu. Watafutaji walipewa mafunzo maalumu, maktaba ililipia muda wa kuunganishwa, na kwa hiyo mkutubi alipanga utafutaji wake wote kwenye karatasi kwanza, akachagua istilahi sahihi kutoka katika orodha rasmi ya mada za tiba, ndipo akapiga simu kwenye mfumo. Ni mwaka 1997 ndipo PubMed, yaani njia ya kutafuta makala hizo kwenye mtandao, ilipofunguliwa bure kwa kila mtu. Ukijua tarehe hizi, utajua pia umuulize nani nini: aliyefanya naye kazi mwaka 1980 atakumbuka penseli na karatasi, na aliyefanya naye kazi mwaka 2000 atamkumbuka akiwa amesimama mbele ya darasa la wanafunzi, akiwafundisha kutafuta wenyewe.

Sisi tulibahatika kupata daftari lake. Lilikuwa na jalada la kijani, na kila mstari wa ndani ulikuwa na tarehe, saa ya kuulizwa, herufi za jina la aliyeuliza, swali lenyewe, na saa ya kupeleka jibu. Mstari mmoja nimeukumbuka hadi leo: swali la dawa ya shinikizo la damu kwa mama mjamzito mwenye ugonjwa wa figo, lililoulizwa saa 1:50 asubuhi na kujibiwa saa 3:05. Nikatafuta safu ya matokeo, nijue kama yule mama alijifungua salama, na safu hiyo haikuwepo. Haikuwepo katika daftari zima. Mkutubi wa tiba hupeleka jibu, mlango ukafungwa, na mara nyingi hapati kamwe kujua kilichompata mgonjwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwa na hadithi za kutusimulia mezani, na kwa nini hadithi hizo sharti zitafutwe kwa waliouliza.

Usiogope kusema waziwazi katika wasifu kwamba kazi hiyo iligusa uhai wa watu, maana ni kweli. Katika utafiti uliofanyika Rochester, New York, na kuchapishwa mwaka 1992, asilimia 80 ya madaktari walioshiriki walisema taarifa walizoletewa na maktaba ya hospitali ziliwafanya washughulikie jambo fulani la mgonjwa tofauti na walivyokusudia. Uzito huohuo uliwahi kuonekana kwa njia ya huzuni mwaka 2001, pale mwanamke kijana aliyejitolea kushiriki utafiti huko Baltimore alipofariki baada ya kuvuta dawa iitwayo hexamethonium. Makala za miaka ya 1950 zilikuwa zimekwisha kueleza madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu, lakini hifadhi ya kompyuta iliyotumiwa na wengi wakati huo ilianzia mwaka 1966, na yaliyotangulia yalikuwa katika juzuu za karatasi. Mtu aliyejua kuzifungua juzuu hizo alikuwa na ujuzi usiopaswa kuitwa "kutunza vitabu". Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na maneno hayohayo, na mwenzake wa zamani, mama mmoja niliyemwomba aipitie, aliyakata kwa kalamu na kuandika juu yake: "alitafuta majibu". Nilimshukuru, na ninakushauri nawe umpe mtu wa fani rasimu yako kabla haijachapwa.

Tahadhari moja kuhusu daftari au karatasi za namna hii. Usinukuu jina la daktari wala la mgonjwa, na ukikuta maelezo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa, yaache. Sheria ya Marekani inazitaka hospitali kulinda taarifa za afya za mtu hadi miaka 50 baada ya kifo chake, na marehemu mwenyewe aliishi kwa kutunza siri ya anayeuliza. Eleza swali kwa ujumla, kama nilivyoeleza la yule mama mjamzito, na ikiwa daftari ni mali ya hospitali lirudishe.

Sasa upande wa jeshi. Msomaji wa Tanzania akisoma "jeshi la akiba" atafikiria mgambo, kwa hiyo usiliache neno hilo peke yake. Eleza kwamba mwanamaji wa akiba wa Marekani ni askari kamili mwenye kazi yake ya kiraia, ambaye kwa kawaida hufanya mazoezi wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, na anaweza kuitwa kazini wakati wowote taifa linapohitaji. Utumishi wake huhesabiwa kwa alama. Kila mwaka hupata alama 15 kwa kuwamo tu, wikendi moja huhesabiwa vipindi vinne vya alama moja moja, na kila siku ya zile wiki mbili ni alama moja, hivyo mwaka uliotimizwa wote hufikisha alama 77. Mwaka wenye alama 50 au zaidi huhesabiwa kuwa mwaka kamili, na anayepata miaka 20 ya aina hiyo hustahili pensheni, ambayo kwa kawaida huanza kulipwa akifika umri wa miaka 60. Mimi niliihesabu miaka ya mama mkwe wangu nikiwa na jedwali lake la alama mkononi, na hesabu hiyo ilinionyesha zile Jumamosi na Jumapili zote, zikiwemo zile mume wangu alizokuwa akicheza mpira bila mama yake kuwepo uwanjani.

Jedwali hilo ni muhimu kuliko unavyodhani. Watu wengi watakuambia utafute fomu ya kuachishwa jeshi, yaani DD 214, na mtu wa nyumba ya mazishi atakuwa wa kwanza kuidai. Lakini fomu hiyo hutolewa kwa kipindi cha utumishi wa muda wote wa siku 90 au zaidi, na mwanamaji wa akiba aliyefanya wikendi na wiki zake mbili tu anaweza asiwe na fomu inayoonyesha utumishi wake. Mume wangu aliipekua nyumba siku mbili akitafuta karatasi ambayo haikuwahi kuwepo. Tulichohitaji kilikuwa barua ya miaka 20, ile ambayo jeshi humpelekea askari wa akiba kumjulisha kuwa amefikia sifa za kupata pensheni, na ilikuwa ndani ya kabrasha la bima ya gari. Ikikosekana kabisa, mwenzi ambaye hajaoa au kuolewa tena, mtoto, mzazi au ndugu wa marehemu anaweza kuomba nakala za kumbukumbu kutoka kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi kilichoko St. Louis. Moto uliotokea huko mwaka 1973 uliteketeza kumbukumbu nyingi za jeshi la nchi kavu na la anga, lakini za wanamaji hazikuwa miongoni mwa zilizoungua, kwa hiyo usikate tamaa ukisikia habari za moto huo.

Kabla ya kuweka karatasi zozote kwenye meza ya kumbukumbu, zipitie moja moja. Tangu Januari 1972 Jeshi la Wanamaji lilitumia namba ya hifadhi ya jamii kuwa ndiyo namba ya askari, na hivyo amri za uhamisho na vyeti vya zamani vimejaa namba hiyo. Piga nakala, funika namba, weka nakala mezani, na nyaraka halisi zibaki kabatini.

Ikiwa marehemu ni mwanamke, soma utumishi wake kwa kuzingatia sheria za wakati wake. Wanawake walipata nafasi ya kudumu katika jeshi na akiba yake kwa sheria ya Juni 1948, lakini hadi mwaka 1978 hawakuruhusiwa kupangiwa kazi kwenye meli isipokuwa za hospitali na za uchukuzi. Mtu asiyejua hilo ataona miaka ya ofisi za nchi kavu na kudhani hakuwa mwanamaji hasa. Andika sentensi moja ya kueleza, nayo itatosha.

Vyeo vilinikwaza vibaya. Mama mkwe wangu alistaafu akiwa na cheo kiitwacho Captain, nami katika wasifu wa Kiswahili nikaandika "Kapteni". Mjomba wangu, ambaye alistaafu jeshini Tanzania, alinipigia simu kwa upole akaniuliza ni kosa gani lililomfanya mama huyo abaki Kapteni baada ya miaka yote hiyo. Captain wa wanamaji ni sawa na Kanali wa nchi kavu. Anayelingana na Kapteni wa nchi kavu huitwa Lieutenant kwa wanamaji, na Commander ni sawa na Luteni Kanali, ilhali kwetu "kamanda" anaweza kuwa hata mkuu wa polisi wa mkoa. Andika cheo kama kilivyo, kisha kilinganishe na cheo ambacho msomaji wako anakifahamu. Nilisahihisha na kutuma upya siku hiyohiyo.

Ukishakusanya yote, usiyagawe maisha ya marehemu mafungu mawili, la maktaba huku na la jeshi kule. Tafuta mahali yanapokutana. Kwetu palikuwa Bethesda, ambapo Maktaba ya Taifa ya Tiba na iliyokuwa hospitali kuu ya wanamaji hadi mwaka 2011 zimetazamana, zikitenganishwa na barabara moja iitwayo Rockville Pike. Alifundishwa MEDLINE upande mmoja, na miaka iliyofuata aliripoti kwa baadhi ya mafunzo yake ya akiba upande wa pili. Nilikwenda kusimama kwenye barabara hiyo kabla sijaandika aya ya kwanza, na wasifu wote nikauandika kuanzia hapo.

Andika matoleo mawili. La gazeti liwe fupi, kwa sababu magazeti mengi ya Marekani hutoza kwa urefu, na lisitaje tarehe kamili ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani, wala jina la ukoo wa mama yake, ambayo wezi huyatumia. Toleo la kusomwa kwenye ibada liwe na yale majibu uliyoyakusanya kwa simu. Toleo la Kiswahili lifuate desturi yetu, yaani kuzaliwa, elimu, kazi, ugonjwa na watu aliowaacha, ila sehemu ya kazi usiikimbie kwa mistari miwili.

Mjulishe mtu wa nyumba ya mazishi mapema kwamba mnaomba heshima za kijeshi, maana ndiye anayewasiliana na jeshi. Kwa sheria inayotumika tangu mwaka 2000, watakuja angalau askari wawili wenye sare, angalau mmoja wao akiwa wa tawi la jeshi alilotumikia marehemu. Watakunja bendera hadi iwe pembetatu na kuikabidhi kwa familia, na Taps itapigwa, wimbo wa tarumbeta wenye noti 24 tu. Panga wasifu usomwe kabla ya hapo, kwa sababu baada ya tarumbeta kunyamaza hakuna anayeweza kusoma wala kusikiliza. Mume wangu alipokea bendera kwa mikono miwili, na wifi yangu akaweka juu yake penseli moja tuliyoikuta ndani ya daftari la kijani.