Jinsi ya kuchambua shairi bila kuishia kwenye kuhesabu mizani (silabi)

Wanafunzi wengi wakipewa shairi wanakimbilia kuhesabu mishororo (mistari), wanaandika "ni tarbia" (mishororo minne kwa ubeti), halafu wanakwama. Kuhesabu kupo, ila kusiwe kwa kwanza.

Anza kwa kulisoma kwa sauti mara mbili, hata kwa kunong'ona, manake shairi ni la kuimbwa na sikio linakamata vina (silabi za mwisho zinazofanana) kabla jicho halijaviona. Peni iache kwanza. Ukimaliza jiulize nani anaongea, anamwambia nani, analia au anaonya? Huyo anayeongea ni nafsineni na sio lazima awe mshairi mwenyewe, kwa hiyo usiandike "mshairi alifiwa" eti kwa sababu kuna kilio humo ndani.

Halafu ligeuze nathari, yaani maelezo ya kawaida, ubeti kwa ubeti, kwa maneno yako. Kazi yenyewe iko hapa. Cheki hii mishororo miwili nimeitunga kama mfano:

Mlango nimeufunga, ufunguo sikumbuki,
Ni nyumba niloijenga, leo haiingiliki.

Kwa nathari: nimeufunga mlango na sikumbuki ufunguo uko wapi, sasa nyumba niliyoijenga mwenyewe haiingiliki. Umeona, "niloijenga" ni inkisari, yaani neno limefupishwa, ingebaki "niliyoijenga" kipande hicho cha mshororo kingefika mizani 9 badala ya 8. Na "mlango" umewekwa kabla ya kitenzi, hiyo ni kuboronga sarufi, bila hivyo kina cha kati kingepotea. Ukitaja uhuru wa mshairi kama huo taja na sababu yake, jina tupu halitoshi.

Sasa ndo uhesabu: m-la-ngo-ni-me-u-fu-nga, 8. Hiyo "m" inasimama peke yake kama silabi, ila "ngo" ni mizani moja na "nga" ni moja, na hapo ndo watu wanakosea sana. Ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) 8, utao (cha pili) 8, vina nga na ki. Mishororo mitatu kwa ubeti ni tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa. Vina vikibaki vilevile beti zote ni mtiririko, vikibadilika upande mmoja tu ni ukara, vikibadilika vyote ni ukaraguni. Kama halina urari wa vina wala mizani ni shairi huru, usililazimishe.

Mwisho rudi kwenye fumbo. Hii nyumba ni nyumba kweli, ni ndoa, ama ni moyo? Jibu lako litasimama ukilishikia neno la kwenye shairi. Mimi nasema moyo, kwa sababu aliyefunga ni yeye mwenyewe, "nimeufunga", hamlaumu mtu, tena angalia kile kina cha "ki" kimeangukia wapi: sikumbuki, haiingiliki, yote ni maneno ya kukanusha, yaani kila mshororo unaishia kwa kushindwa. Kwenye karatasi usiishie "vina vya mwisho ni ki", endelea hapohapo useme hicho kina kinamfanya nafsineni asikike amekwama nje.