Kuigiza kichekesho cha karafuu: tuliyojifunza kwa Lucille Ball

Kikundi chetu cha vichekesho hapa Wete, Pemba, kina wasichana sita na simu tatu. Kila anayekuja kutaka kuanza vichekesho huniuliza aanze na maneno gani. Mie humwambia aanze na mikono. Hilo nililipata kwa Lucille Ball, mchekeshaji wa Kimarekani aliyefariki 1989, na nitaeleza tulivyolifanya letu kwa sini moja tu, yaani kipande kimoja cha mchezo, ya wanawake wawili wanaochambua karafuu.

Kwanza mjue mwenyewe. Alizaliwa 1911 Jamestown, jimbo la New York. Alipokuwa kigori alipelekwa skuli ya maigizo, na walimu wakamwambia mama yake kuwa mtoto huyu hawezi. Akahangaika miaka mingi kwenye filamu na redio. Kipindi chake cha televisheni, I Love Lucy, kilianza Oktoba 1951, naye ana miaka 40. Wakubwa wa kituo hawakumtaka mumewe wa kweli, Desi Arnaz, aigize mume kwa sababu ni Mcuba. Basi 1950 wakazunguka majukwaani wawili wao, watu wakacheka, na ndoa ile ikaingia kwenye televisheni kama ilivyo. Mie huwasimulia wasichana wangu hadithi hii kabla ya mazoezi ya kwanza, maana wengi wao wameshaambiwa nyumbani kuwa hawawezi.

Sini tuliyoichukua kama mfano ni ya 1952. Lucy, anayeigizwa na Lucille mwenyewe, na shoga yake Ethel, aliyeigizwa na Vivian Vance, wameajiriwa kiwandani kufunga chokoleti zinazopita juu ya mkanda. Mkanda unakwenda kasi, wao wanashindwa, wanaanza kuzificha mdomoni, kifuani, ndani ya kofia. Msimamizi anaingia, haoni kitu mkandani, anaona kazi imekwenda vizuri, anaamuru mkanda uongezwe mwendo.

Hapa Pemba hatuna mkanda. Tuna magunia. Wachumaji wanarudi jioni, karafuu zinamwagwa juu ya jamvi, na lazima zichambuliwe usiku uleule ili asubuhi zianikwe. Kwa hiyo mashoga wetu wawili wamejigamba kwa waume zao kuwa kuchambua ni kazi ya kukaa kitako. Gunia la kwanza linamwagwa, la pili, la tatu.

Sasa mikono. Usimruhusu mwigizaji aseme neno mpaka aijue kazi. Shika shada kwa mkono wa kulia, ligandamize kwenye kiganja cha kushoto, lizungushe kidogo: karafuu zinadondoka, konyo, kile kijiti chake, linabaki vidoleni, unalitupa upande wake. Wangu niliwaweka jioni tatu kwa bibi mmoja jirani, wakichambua kweli, mpaka vidole vikawa vyeusi na harufu haitoki kwa sabuni. Lucille naye alikuwa hivyo, alifanya mazoezi na kila kifaa mpaka kikawa chake. Na katika kipindi kile cha chokoleti, mwanamke anayechovya chokoleti pembeni yake alikuwa mfanyakazi wa kweli wa kazi hiyo. Nasi tukamwomba yule bibi akae kwenye sini, achambue kimya kimya, haraka, bila kuwatazama. Kila unapomwona yeye anakwenda, unaona wenzake wanavyozama.

Kosa letu la kwanza lilikuwa msimu. Tulirikodi wakati karafuu za mtini hakuna, tukamwaga kavu kutoka ghalani. Wasichana waliigiza vizuri, lakini wanawake tuliowaalika hawakucheka hata kidogo. Mmoja akasema, "Mwanangu, karafuu kavu haichambuliwi." Tukangoja miezi. Ukitaka watu wa Pemba wakucheke kwa karafuu, usiwadanganye juu ya karafuu.

Kuficha ndiko kutamu. Shada moja ndani ya birika, jingine chini ya paja, mengine yakafungwa pembeni mwa kanga, yakabana kwenye baibui mpaka tumbo likatoka. La mwisho mdomoni. Karafuu mbichi inachoma na kutia ulimi ganzi, basi mwigizaji atie tende, aigize ganzi. Msimamizi anauliza, "Mmeshamaliza?" naye anajibu kwa ulimi usiosikia amri. Hapo asitabasamu hata kidogo. Yule mwanamke anataka kweli pishi zake zihesabiwe na alipwe, na huo wasiwasi wake ndio unaochekesha.

Tumbo lile la baibui lilituletea jambo. Mmoja wetu alikuwa mjamzito kweli, na kwao wakataka akae nyumbani. Nikamweleza mama mkwe wake kuwa mwaka 1952 Lucille alikuwa vilevile, na ujauzito wake ukaandikwa ndani ya kipindi. Neno lenyewe hawakulitamka, wakasema kwa adabu kuwa anatarajia, kama sisi tusivyosema "ana mimba" mbele ya wakwe. Mtoto wa kwenye kipindi na mtoto wake wa kweli walizaliwa siku moja, 19 Januari 1953. Mama mkwe akaja mwenyewe kutazama mazoezi, akaleta na mto wa kukalia.

Kurikodi: wale wa I Love Lucy walitumia kamera tatu za filamu kwa pamoja, mbele ya watazamaji, ili mchezo usikatwe. Sisi simu moja tunaifunga kwenye nguzo ya baraza ichukue wote, ya pili inafuata nyuso, ya tatu inakaa chini, usawa wa jamvi, kwenye mikono tu. Ziwashwe zote kabla ya gunia la kwanza na mtu apige kofi moja kubwa ili baadaye sauti zilingane. Majirani wakae upande wa pili. Wakicheka, waigizaji wanyamaze kwa maneno lakini mikono isisimame.

Msimamizi akishasema "Leteni gunia jingine!" na kuondoka, usizime. Acha simu ya chini iendelee, uhesabu mpaka kumi. Kwetu ndipo yule bibi, bila kuambiwa na mtu, alinyoosha mkono akachukua nusu ya fungu la mashoga zake akalivutia upande wake.