Kabla Upepo Haujafika: Mambo ya Kuzingatia Tahadhari ya Hali ya Hewa Inapotolewa Unguja na Pemba

Tahadhari ya upepo mkali ikitangazwa, swali la kwanza linaloulizwa bandarini Mkoani na kwenye baraza za Mji Mkongwe ni kama kweli upepo huo utakuja. Swali hilo lina haki yake, lakini kabla yake inafaa kujua taarifa yenyewe imesema nini, imelitaja eneo gani na kwa muda gani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu, yaani angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Wengi huzisoma rangi hizo kama kipimo cha nguvu ya upepo peke yake, ilhali ngazi hupatikana kwa kuunganisha mambo mawili ambayo huandikwa katika taarifa hiyo hiyo, nayo ni uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari zake likitokea. Angalizo basi laweza kuhusu upepo wa wastani unaokaribia kuwa na hakika, au upepo mkubwa ambao uwezekano wake bado ni mdogo, na mvuvi asiyeisoma mistari hiyo miwili hatajua anakabiliwa na lipi. Ikitajwa mvua kubwa, makusudio ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Upepo wa kilomita 40 kwa saa pamoja na mawimbi ya mita mbili, maneno tuliyoyazoea masikioni, haviitishi nyumba ya mawe. Kwa ngalawa iliyo katika mkondo wa Pemba ni jambo jengine kabisa.

Kwa upande wa vimbunga, visiwa vyetu viko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hausaidii sana upepo kujizungusha, na ndiyo maana ni nadra kutufikia. Hata hivyo, tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba, iliyo umbali wa kilomita 50 hivi tu, ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Miaka ya karibuni, kimbunga Jobo kilidhoofika Aprili 2021 kabla ya kufika pwani, lakini Hidaya kikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mtabiri anayeulizwa siku tatu kabla hawezi kuapa kimbunga kitapita wapi, kwani njia ikipinda kidogo, kisiwa kimoja hulala na cha pili hukesha.

Kwa hivyo ni busara kuyapanga maandalizi kwa gharama zake. Ngazi ya angalizo inatosha kwa yale ambayo hayana hasara hata upepo usipokuja: kuzibua mitaro, kukata matawi yaliyolalia paa, kutia vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, kuchaji simu na kujaza maji, maana pampu hutegemea umeme, na umeme wetu huja kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Panda ngazi uyatazame mabati ya ukingoni. Msumari ulioinuka kiasi cha ukucha tayari umeupa upepo pa kuingilia. Kama ni msimu wa karafuu, zilizo kwenye majamvi zianuliwe mapema, kwa sababu karafuu iliyorowa hushuka daraja.

Ngazi ya tahadhari ndiyo inayogharimu, kwa kuwa inataka mtu aache bahari na kipato chake cha siku. Vyombo vipandishwe juu ya alama ya maji ya bamvua, yaani maji yanayojaa kupita kawaida, na hapa kalenda ya mwezi ina kazi, kwani bamvua huja mwezi unapoandama na unapotimia, na upepo ukikutana nayo maji hupanda zaidi. Msafiri naye akubali kuahirisha safari hata kama tiketi imekwisha kulipiwa. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012 bahari ikiwa imechafuka kwa upepo mkali.

Tahadhari ikiondolewa, mawimbi huendelea kwa muda baada ya upepo kulala, hivyo nahodha asubiri ruhusa ya bandari. Kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko kisitumike kwa kunywa mpaka kisafishwe, na kwa muda huo maji yachemshwe au yatiwe klorini.