Hitman inachezwa kwa macho: maelekezo kutoka banda la gemu Chikongola, Mtwara

Kwenye banda langu, mtu akiomba Hitman kuna watakaomcheka. "Gemu ya kutembeatembea hiyo," atasema kijana wa bodaboda aliyekaa benchi la nyuma akisubiri zamu yake ya mpira. Simlaumu. Aliyezoea gemu za vita akishika padi na kumwingiza 47, yule muuaji wa kukodiwa mwenye upara na msimbo wa mistari kisogoni, ndani ya kasri la Paris, cha kwanza anatafuta bastola, cha pili anauawa, cha tatu anadai hela yake. Gemu haina kosa, hakuelekezwa tu. Basi nawaandikia hapa yale ninayomwambia mteja mgeni kabla sijamwashia, ili hata wewe wa nyumbani Lindi au Masasi uwe nayo.

Anza na kujua unanunua ipi, maana majina yanachanganya. Kuna Hitman ya 2016, Hitman 2 ya 2018 na Hitman 3 ya Januari 2021. Waliozitengeneza ni IO Interactive wa Copenhagen, Denmark, na Januari 2023 wakaziweka zote chini ya jina moja, World of Assassination. Hiyo ndiyo ya kutafuta. Anayekuuzia CD ya mkononi akisema "hii Hitman 2", geuza kasha usome mwaka, kwa sababu kuna Hitman 2 nyingine ya 2002. Na kasha likiwa mkononi, ona ile namba 18. Mwenye sare ya shule hachezi hii kwangu, hata akija na kaka yake.

Wakongwe watakwambia Hitman ya zamani, Blood Money ya 2006, ndiyo baba lao. Sibishani nao, ilikuwa nzuri. Ninachobishana nacho ni iliyoifuata, Absolution ya 2012. Mle ukivaa nguo za polisi, polisi wote wanaanza kukushuku, sasa kuvaa kuna faida gani? Wachezaji walilalamika sana, na toleo la 2016 likaja na utaratibu ambao mpaka leo ndio moyo wa gemu: ukivaa nguo za kazi fulani, wengi wanakupita bila kukujali, isipokuwa wachache wenye doti nyeupe juu ya kichwa. Hao ndio wanaowafahamu wenzao wa kazi kwa sura.

Vijana wa hapa nikiwaeleza kwa mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, wananielewa mara moja. Mgeni akiona lipiko linacheza, anaona kinyago na nguo, basi. Aliyekua naye kijiji kimoja anamjua kwa mwendo. Mwenye doti ni huyo wa kijiji kimoja. Usimpite mbele, usisimame karibu naye, na akikuangalia mgeuzie mgongo ukate kona. Mara nyingi ni msimamizi: mkuu wa wapishi, mkubwa wa walinzi. Mpishi wa kawaida hana habari na wewe.

Kabla ya kuanza, ingia kwenye setingi. Washa maandishi ya chini ya skrini, usiwe na aibu, maana nusu ya siri za gemu hii zimo kwenye mazungumzo ya watu unaopishana nao na Kiingereza chao kinakwenda mbio. Ugumu uko wa ngazi tatu: Casual, Professional na Master. Mimi nawaanzishia Professional. Master inakuruhusu kusevu mara moja tu kwa misheni nzima, na nguo zikiingia damu hazivaliki tena. Hiyo waachie wanaojua wanachofanya.

Halafu kuna ubishi ambao bandani kwangu hauishi: ile miongozo inayoitwa mission stories iwashwe au izimwe? Fundi simu wa jirani, ambaye ndiye mchezaji wangu mzuri kuliko wote, anasema kuiwasha ni sawa na kuongozwa kwa kamba. Yeye huizima yote. Mimi nasema mara ya kwanza kwenye ramani iwashe, fuata mmoja mpaka mwisho, kwa sababu unakuonyesha vyumba ambavyo peke yako usingevikaribia. Mara ya pili zima. Anayezima siku ya kwanza kwa ubishi ndiye huyohuyo anayerudi kwenye mpira baada ya nusu saa.

Sasa kucheza kwenyewe. Mafunzo ya mwanzo yapite haraka, yale ya boti na ya kambi ya kijeshi, kisha ukae Paris. Kaa hasa. Misheni inaitwa The Showstopper: kuna onyesho la mavazi kwenye kasri, na walengwa wawili, yaani watu unaotakiwa kuwaua. Viktor Novikov anazunguka chini katikati ya wageni. Dalia Margolis yuko ghorofani anakoendesha mnada wa siri. Mlango wa mbele unaingia na suti yako, hakuna anayekuuliza.

Kazi ya kwanza ni kutokufanya kitu. Nasema kweli. Mfuate Novikov kwa mbali mpaka uone anarudi alikoanzia. Kila mtu mle ana mzunguko wake: anasimama hapa, anaongea na huyu, anakunywa pale, anaanza upya. Wakija wawili bandani, mmoja namkabidhi padi na mwingine kalamu. Ninalo daftari la mistari, limejaa madoa ya mafuta ya mihogo, lenye ramani ya kasri iliyochorwa kwa mikono ya wateja tofauti: choo kiko wapi, ngazi za kwenda jikoni, mlinzi gani hageuki nyuma. Mwenye daftari anashinda kuliko mwenye vidole vyepesi. Ndiyo maana mpira natoza kwa mechi lakini Hitman natoza kwa saa, na saa ya kwanza ya mgeni natoza nusu, maana najua itaishia kwenye kutazama tu.

Ukishapata mzunguko, tafuta nguo. Usiruke moja kwa moja kwenye nguo za mlinzi mkubwa, panda ngazi kwa ngazi. Mfanyakazi wa kasri anakufikisha jikoni, na huko utapata njia ya kwenda kwingine. Unayetaka nguo zake msubiri awe peke yake, mkabe kwa nyuma, mfiche kwenye sanduku au kabati. Sanduku moja linabeba watu wawili, kwa hiyo lichague lililo karibu na kazi yako ya pili. Usimwache mtu sakafuni hata kama chumba kinaonekana hakina mtu. Mwenzake atapita, atamwamsha, na habari zitasambaa.

Kwa Margolis, iko njia ninayoipenda kupita zote. Yupo mwanamitindo, Helmut Kruger, anafanana na 47 kama pacha. Yuko nje anapigwa picha, baadaye anajitenga kuongea na simu. Hapo ndipo pa kumpata. Vaa nguo zake, nenda ukapakwe poda, kisha panda jukwaani utembee mbele ya ukumbi mzima, mlengwa wako mmoja akiwa humohumo. Mara ya kwanza fundi simu alipofika hapo, hata wa bodaboda aliacha benchi akasogea skrini. Ukimaliza, njia ya kwenda kuonana na Margolis faraghani inafunguka.

Novikov anahitaji uvumilivu zaidi. Vaa nguo za mfanyakazi wa kasri, mtengenezee kinywaji chake baani, na utie sumu ya panya badala ya ile inayoua. Sumu ya panya mle haiui, inamtapisha. Atakimbilia chooni mwenyewe, na anayezamishwa kwenye maji ya choo gemu inamhesabu kafa kwa ajali. Ila tazama kwanza mlinzi wake kasimama upande gani.

Ajali ndiyo neno la kushika. Alama ya juu kabisa, Silent Assassin, ina masharti: uue walengwa peke yao, usionwe ukifanya uovu, mwili usigunduliwe, na kamera zisibaki na picha yako. Mlengwa aliyekufa kwa ajali akionwa, hupotezi kitu. Kwa hiyo taa inayoning'inia, jiko la gesi linalovuja, waya uliochunwa juu ya maji, vyote hivyo ni bora kuliko bastola. Kamera usihangaike nazo moja moja. Tafuta chumba cha walinzi chenye mashine ya kurekodi, uiharibu, yamekwisha. Na soma maelezo ya kifaa kabla hujakirusha: spana inazimisha tu, bisibisi inaua. Mtumishi asiye na hatia akifa kwa bisibisi yako, alama imekwenda.

Sarafu watu wanaidharau. Irushe pembeni, mlinzi atageuka akaitazame na mlango utabaki wazi. Mmoja tu, usijaribu kuwavuta wanne.

Niseme na la mtandao, kwa kuwa huku kwetu ndilo linalokera. Misheni zinachezeka bila intaneti, lakini changamoto hazihesabiwi, kiwango chako cha ramani hakipandi kuelekea 20, na huzawadiwi vifaa wala sehemu mpya za kuanzia. Kibaya zaidi, ulichosevu ukiwa hewani hukifungui ukiwa nje ya mtandao. Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima, tulikaa na misheni nusunusu tukitazamana. Wala si sisi peke yetu tunaolia. Septemba 2021 ile ya 2016 ilipowekwa sokoni GOG, duka linalojulikana kwa gemu zisizofungwa na mtandao, wanunuzi walikuja juu mpaka mwezi uliofuata ikaondolewa. Kwangu hilo ndilo doa kubwa la kazi hii nzuri, na sioni sababu ya mtu aliyelipa kunyimwa suti mpya kwa kuwa bando limeisha. Ushauri wangu: weka bando kabla, angalia Luku, na usevu kila mara kabla ya kubadili nguo.

Baada ya Paris nenda Sapienza, mji wa pwani ya Italia. Wachezaji wengi wanaitaja kuwa ramani bora kuliko zote na mimi nimo. Unaweza kukaa mle jioni nzima bila kumgusa mtu. Ila kuna kazi ya tatu ya kuharibu kirusi cha ugonjwa kilichomo maabara, na ukirudia misheni inachosha. Colorado wanaichukia kwa sababu shamba zima ni eneo la maadui na suti haikusaidii kitu. Ipite tu uendelee. Dartmoor usiiharakishe: unavaa nguo za mpelelezi na kuchunguza kifo ndani ya nyumba ya matajiri, na hapo hata wasiopenda gemu hii wanavuta kiti. Ukifika Berlin hakuna miongozo kabisa, hata uiwashe vipi. Lazima utambue mwenyewe maajenti wanaokuwinda kwenye klabu, uondoe angalau watano. Aliyezoea daftari atapenda. Aliyezoea mishale ya kuelekezwa atatukana.

Freelancer, namna nyingine ya kucheza iliyoongezwa Januari 2023, iweke mwisho. Walengwa wanabadilika kila mara, hakuna kusevu, na ukifa vifaa ulivyobeba vinapotea. Fundi simu anasema hiyo ndiyo Hitman halisi na zingine zote ni mazoezi. Kijana wa bandarini alipoteza bunduki aliyoihangaikia, akaweka padi chini, akalipa, hakuonekana kwa muda. Ukiianza, ingia na vitu vichache usivyovionea uchungu, chukua misheni nyepesi kwanza ujaze ukuta wako wa silaha, na usiiguse jioni ambayo umeme umeanza kucheza.